Namna ya Kuvisoma Vichochoro vya Kale vya Beijing

Vichochoro vya Beijing, ambavyo wenyeji huviita hutong, vina kuta za kijivu zisizo na madirisha ya kutazama njiani, hivyo mgeni asiyejua pa kuangalia hupita akidhani vyote ni kimoja.

Tambua kwanza uelekeo wake. Kublai Khan, mtawala wa Wamongolia, alipoanza kujenga mji wake mkuu hapo mwaka 1267, mji ulipangwa kwa miraba, na vichochoro vingi vikalazwa kutoka mashariki kwenda magharibi ili nyumba zielekee kusini, zipate jua wakati wa baridi na kuupa kisogo upepo wa kaskazini. Barabara kuu ilipimwa hatua 24, barabara ndogo 12 na kichochoro 6, yaani mita 9 hivi. Mpangilio huo ungali wazi Nanluoguxiang, mtaa wenye vichochoro vinane kila upande. Mtaa wenyewe siku hizi umejaa maduka tu; uvuke upesi, uingie kichochoro cha Mao'er, alikokulia Wanrong, malkia wa mwisho wa China.

Sasa simama mbele ya lango, maana hadhi ya mwenye nyumba iliandikwa hapo, kama ilivyo kwa milango ya Mji Mkongwe wa Zanzibar. Angalia mlango umeingia ndani kiasi gani. Mlango ukiwa katikati ya lango, chini kabisa ya mgongo wa paa, hapo aliishi ofisa mkubwa. Kadiri mlango unavyosogea nje, ndivyo cheo kinavyopungua, na ukiwa umebanwa na ukuta wa matofali pande zote mbili, mwenyewe alikuwa raia tu, hata kama alikuwa tajiri. Kisha hesabu vigingi vya mbao vilivyochomoza juu ya mlango: vinne ni vya lango kubwa, viwili ni vya dogo.

Mwisho inama utazame mawe mawili yaliyo kando ya kizingiti. Husemwa kwamba la umbo la ngoma ni la mwanajeshi na la umbo la sanduku ni la ofisa wa kiraia. Kanuni hiyo isikutie hakika kupita kiasi. Linalovutia zaidi ni kazi ya jiwe lenyewe: limepita chini ya kizingiti hadi ndani, na ncha yake ya ndani ina tundu ambamo mlango huzungukia.

Usikanyage kizingiti, wala usiingie bila kukaribishwa, kwa kuwa ndani wanaishi watu. Nyumba iliyojengwa kwa ajili ya ukoo mmoja kuzunguka ua, baada ya Wakomunisti kushika nchi mwaka 1949 iligawiwa familia nyingi, na tetemeko la Tangshan la mwaka 1976 lilipowafanya watu wajenge vibanda uani, vingi havikubomolewa tena. Nyumba nyingi hazikuwa na choo, ndiyo sababu utakuta vyoo vya umma kila baada ya hatua chache.

Ukiwa na muda, nenda kichochoro cha Qianshi, karibu na mtaa wa maduka wa Dashilar, ambako enzi ya Qing, nasaba ya mwisho ya wafalme wa China, wafanyabiashara walibadilishana madini ya fedha kwa sarafu za shaba. Mahali pembamba kabisa hapafiki nusu mita, kwa hiyo vua begi la mgongoni, ulishike mbele, na uchungulie kama kuna anayekuja kabla hujaingia.