Somo: Mwanamke na kunyanyua vyuma

Dada zangu, hofu ninayoisikia kila siku ni moja: "Nikinyanyua vyuma nitakuwa na mwili wa kiume." Tulimalize hili kwanza. Testosteroni (homoni ya kiume inayokuza misuli) ya mwanamume mzima huzidi ya mwanamke kwa zaidi ya mara 10. Misuli yako itakaza na kujaa kiasi, basi.

Hatua ya 1: Jifunze miondoko bila uzito. Kuchuchumaa na kuinuka, kuinama mgongo ukiwa umenyooka, kusukuma (pushapu, hata za ukutani), na kuvuta.

Hatua ya 2: Shika uzito unaoweza kuurudia mara 8 hadi 12, zile mbili za mwisho ziwe ngumu kweli. Seti (mizunguko ya marudio hayo) 2 au 3, siku 2 zisizofuatana kwa wiki. Wiki za mwanzo nguvu huja kabla misuli haijaonekana, maana neva ndizo zinazojifunza kuiamsha.

Hatua ya 3: Ukizoea, ongeza. Wengi hukwama hapa, dumbeli ile ile mwaka mzima. Mfupa huimarika ukibebeshwa mzigo usiouzoea, na tunauhitaji uimara huo kwa sababu estrojeni, homoni ya kike inayoulinda mfupa, hushuka hedhi inapokoma. Tena misuli inayofanya kazi hufyonza sukari ya damu, insulini (homoni inayoshusha sukari hiyo) ikapunguziwa mzigo.

Hatua ya 4: Kula! Naomba msiiruke hii. Ukijinyima huku unafanya mazoezi makali, ubongo hupunguza ishara zake kwa ovari, mayai hayapevuki, hedhi inakatika, estrojeni inashuka na mifupa inadhoofika. Hapo vyuma vinasingiziwa tu, mkosaji ni njaa.

MASWALI

Mwalimu, tangu nianze mazoezi sijaona hedhi miezi mitatu. Nasikia ni kawaida?
Si kawaida, dada. Pima ujauzito kwanza, kisha muone daktari, na umweleze ukweli jinsi unavyokula.

Nina miaka 56. Nimechelewa?
Hujachelewa, mama. Misuli huitikia mazoezi hata uzeeni. Kama una presha au mifupa dhaifu, zungumza na daktari wako kabla ya kuanza. Kisha anza kwa kuinuka kitini bila kujishika.

Siku za hedhi nipumzike?
Si lazima. Maumivu yakizidi, punguza uzito wa vyuma.

Wiki sita sasa, mizani haijashuka hata kilo moja.
Mizani haitenganishi mafuta na misuli. Pima kiuno kwa utepe, kisha niambie: uzito uliokushinda wiki ya kwanza, leo unaunyanyua mara ngapi?