Kiti cha pikipiki kwa mwendeshaji mrefu

Mwendeshaji mrefu anayetoka Dodoma kwenda Morogoro, mwendo wa takriban kilomita 260, mara nyingi huumia magoti na nyonga kabla ya makalio, kwa sababu nafasi kati ya kiti na vikanyagio ni fupi mno kwa miguu yake. Kwa hiyo, anaponunua kiti kingine badala ya kile cha kiwandani, aanze kutazama kimo: kiti kilichoinuliwa kwa sentimita 3 hadi 5 huyakunjua magoti kwa kiasi kinachohisika, mradi nyayo bado zinafika chini vizuri pikipiki inaposimama.

Umbo nalo hupuuzwa sana, na kwa maoni yangu si haki. Kiti chenye bonde na ukingo mrefu nyuma humbana mtu mrefu mahali pamoja karibu na tangi, ilhali kiti bapa humruhusu kusogea nyuma na kubadilisha mkao. Sponji laini hupendeza dukani, lakini safarini hubonyea hadi mifupa ya makalio igote kwenye plastiki ya chini. Chagua sponji ngumu kiasi, yenye upana wa kutosha nyuma. Fundi hodari wa kushona viti anaweza pia kuongeza sponji kwenye kiti ulichonacho. Kwa jua la Dodoma, epuka kifuniko cheusi. Kiti kikishainuliwa, kagua kama unalazimika kuinama ili kuufikia usukani. Ikiwa ndivyo, usukani nao uinuliwe kidogo, la sivyo maumivu yatahamia mgongoni.