Sanamu ya plastiki ikianza kunata: nusa kwanza, kitambaa baadaye

Ukifungua kasha ukakuta sanamu ya plastiki inanata, usikimbilie spiriti. Spiriti hupasua akriliki, na wewe bado hujajua umeshika plastiki gani.

Hatua ya 1: Inusie. Usivute pumzi ndefu, maana mvuke wake huwasha kifua. Harufu ya siki ni ya selulosi aseteti. Harufu ya kafuri ni ya selulosi naitreti, yaani seluloidi, ambayo pia hushika moto upesi. PVC laini hutoa jasho la mafuta. Sponji ya poliyurethani utaijua kwa unga unaobaki chini yake.

Hatua ya 2: Pima asidi. Weka karatasi ya A-D, yaani kipande cha karatasi kinachobadilika rangi kikikutana na asidi, karibu na sanamu kwa saa 24. Karatasi hiyo ni ya buluu. Ikigeuka kijani, asidi imeanza kutoka. Ikifika manjano, hali ni mbaya.

Hatua ya 3: Tenganisha. Hapa ndipo kazi nyingi hupotea, na inaniuma kila ninapoona makasha yaliyochanganywa. Aseteti na naitreti hutoa asidi. Ukizifungia, asidi ile hurudi kuzila zenyewe, kisha hutia kutu vyuma vya jirani. Ziache zipate hewa, na weka mkaa amilifu, yaani mkaa maalumu wa kunyonya mvuke, kando yake. Mchongaji Naum Gabo alitumia plastiki hizi katika miaka ya 1920 na 1930. Baadhi ya kazi zake zimepasuka na kujikunja hata haziwezi kuoneshwa tena.

PVC inataka kinyume chake: ifunge ndani ya glasi. Mfuko wa polithini hunyonya kilainishi chake, yaani mafuta yanayoifanya iwe laini, nayo hukakamaa. Usiifunge kwa gazeti, litagandana nayo.

Hatua ya 4: Safisha kidogo. Brashi laini, kavu, inatosha kwa vumbi. Jasho la PVC lilikuwa sehemu ya plastiki yenyewe, kwa hiyo usilifute kila wiki. Sponji inayomomonyoka usiipitishie brashi kabisa.

Hatua ya 5: Ihifadhi gizani na penye ubaridi. Sisi wa pwani tuna joto na unyevu, na vyote viwili huharakisha uharibifu, kwa hiyo stoo ya chini ya bati haifai. Sponji itie kwenye mfuko usiopitisha hewa, pamoja na vifuko vya kunyonya oksijeni.

Piga picha pande zote. Andika juu ya kasha tarehe na rangi ya karatasi ya A-D, kisha pima tena baada ya miezi sita.