Umekatwa hela usizozijua kwenye kadi? Fanya hivi

Meseji imeingia usiku, eti umelipa dola 1 kwenye duka ambalo hata hulijui, ukasema aah dola moja tu ngoja nilale. Usilale. Wezi wa kadi wengi huanza na kiasi kidogo kupima kama inapita, ikipita ndo wanarudi na kubwa.

Kwanza zuia kadi, kabla hujaanza kubishana na mtu. Programu nyingi za benki za kwenye simu zina sehemu ya kadi, ingia hapo uifunge, kama yako haina piga namba iliyoandikwa nyuma ya kadi. Namba usiitafute Google maana matapeli nao wanaweka za kwao za "huduma kwa wateja", utajikuta unampigia mwizi kumwambia umeibiwa.

Sasa kufunga kwa muda sio dawa, ukifungua namba ni zile zile na mwenzio anazo. Omba kadi mpya, na useme wazi kwamba namba za kadi zimevuja, usiseme imechakaa, kwa sababu iliyochakaa benki inaweza kukutolea nyingine yenye namba ile ile. Ikitoka mpya hakikisha namba ndefu ya mbele imebadilika pamoja na CVV.

CVV ni zile namba tatu za nyuma kwa Visa na Mastercard, American Express ni nne na zipo mbele. Hizo zilizochapishwa hazimo kwenye mstari mweusi wa sumaku ulio nyuma ya kadi wala kwenye chipu, kwa hiyo aliyenakili mstari wako kwenye ATM hazipati. Anazipata kwa kuiona kadi yenyewe (mhudumu anaondoka nayo kaunta, picha mbili tu kaimaliza), au umeziandika kwenye tovuti feki, au umezitaja kwenye simu. Mimi naona bora uzikariri halafu uzibandikie kastika, ukilipa dukani kwa chipu na PIN hakuna anayezihitaji. Ila usijidanganye kwamba ukizificha umemaliza, kuna maduka ya onlaini yanakata bila kuuliza CVV kabisa.

Halafu pinga yale makato. Benki watakupa fomu, andika kila muamala na tarehe yake na kiasi, weka skrinshoti za meseji, na usiondoke bila namba ya kumbukumbu ya lalamiko lako. Muamala ambao bado unasubiri wanaweza kukwambia hadi ukamilike ndo waushughulikie, hiyo ni kawaida, ila endelea kufuatilia maana kupinga kuna muda wake ukipita imekula kwako.

Kitu kingine watu hawakijui, kubadilisha kadi hakufuti malipo ya kila mwezi. Visa na Mastercard wana huduma ya kuwapelekea wafanyabiashara namba mpya, so ile huduma uliyoisahau inaweza ikaendelea kukukata kwenye kadi mpya kama kawa. Ingia kwenye akaunti yenyewe uifute.

Wiki hiyo hiyo anaweza kupiga mtu anajiita wa benki, anataka "kukuwashia" kadi mpya, umtajie CVV na OTP (ile namba ya siri ya kutumia mara moja inayokuja kwa meseji). Kata simu. Kadi unaiwasha mwenyewe kwenye ATM au kwenye programu, na ukishaiwasha zima malipo ya onlaini, utawasha siku una cha kununua.