Somo: Kuchagua rangi ya mshipi wa kuvulia chini ya barafu

Kila mara maziwa ya Minnesota, huku Marekani, yanapoanza kuganda, swali huwa ni lile lile: "Nitumie mshipi wa rangi gani?" Kwa kuwa jibu lake halitoshi kwenye neno moja, naliandika hapa kwa ukamilifu, ili atakayeuliza tena aelekezwe huku. Msingi wa jambo hili ni kwamba mshipi mmoja hubeba kazi mbili zinazopingana. Sehemu iliyo juu ya barafu ni ya jicho lako, kwa sababu ni lazima uuone ukitikisika. Sehemu iliyo karibu na ndoana ni ya jicho la samaki, na huyo hatakiwi kuuona. Ukitafuta rangi moja itakayofanya kazi zote mbili, utabaki unabadilisha mishipi msimu mzima.

Hatua ya kwanza. Kata leseni, kisha upime barafu kabla ya kuikanyaga: Idara ya Maliasili ya Minnesota inashauri angalau inchi 4, yaani takriban sentimita 10, za barafu mpya iliyo angavu kwa mtu anayetembea kwa miguu.

Hatua ya pili. Amua unavua samaki gani: krapi na sanfishi, ambao ni samaki wadogo wa maziwani, wanatosheka na mshipi unaohimili uzito wa ratili 2 hadi 4 kabla ya kukatika, na wolai, samaki mkubwa zaidi anayewinda wengine, anataka wa ratili 6 hadi 8.

Hatua ya tatu. Yatazame maji ndani ya tundu ulilotoboa kwenye barafu. Maji maangavu humeza mwanga mwekundu kwanza, ilhali buluu na kijani hufika chini zaidi. Kwa hiyo kitu chekundu kikishuka mita kadhaa huonekana cheusi au cha kijivu. Maji yaliyotiwa rangi ya chai na vinamasi, kama ya ziwa liitwalo Upper Red Lake, hufanya kinyume chake: humeza buluu mapema, na mwanga unaobaki ni wa chungwa na nyekundu. Ziwa Mille Lacs limezidi kuwa angavu tangu kome wageni wenye milia, ambao huchuja maji, walipogunduliwa humo mwaka 2005, hivyo ushauri wa wazee waliovua pale zamani haufai kufuatwa bila kuyatazama maji yenyewe. Theluji nayo ina sehemu yake: barafu tupu hupitisha mwanga mwingi, lakini ikifunikwa na theluji nene, chini huwa giza hata saa sita mchana, na rangi hupungua umuhimu.

Hatua ya nne. Chagua rangi ya sehemu ya juu kwa kuitandaza juu ya theluji, wala si chini ya taa ya dukani. Mshipi mweupe au usio na rangi hupotea kabisa mbele ya theluji. Rangi ya chungwa, manjano inayong'aa, nyekundu na nyeusi huonekana vizuri. Mimi napendelea chungwa, kwa kuwa naiona mchana kwenye theluji na vilevile ndani ya kibanda cha kuvulia chenye giza.

Hatua ya tano. Unga kipande cha mwisho, na hapa ndipo samaki wengi wanapopotea, kwa hiyo naomba usome polepole. Kipande hiki kiwe cha florokaboni isiyo na rangi, yaani aina ya plastiki inayotengenezewa mishipi kama ilivyo nailoni. Kipimo cha kupinda mwanga cha maji ni takriban 1.33, cha florokaboni ni 1.42, na cha nailoni hufika 1.53 au zaidi. Kadiri namba zinavyokaribiana ndivyo mshipi unavyozidi kufichika. Tena florokaboni hainyonyi maji, tofauti na nailoni. Hata hivyo, samaki anayetazama juu kuelekea kwenye mwanga huona kila mshipi kama mstari mweusi, uwe wa rangi yoyote, na ndiyo maana wembamba unatangulia rangi. Kuhusu urefu, kuna vishawishi viwili. Ukikifanya kifupi mno, mshipi wa rangi kali utafika karibu na chambo na samaki atageuka. Ukikifanya kirefu sana, fundo litaingia kwenye pete ya ncha ya fimbo wakati ule ule samaki anapofika mdomoni mwa tundu. Fundo lililolowa huvaa barafu papo hapo, linakwama, samaki anajitupa mara moja, na kipande kinakatika. Kwa fimbo fupi za barafuni, sentimita 60 hadi 90 zinafaa, mradi ulinganishe na fimbo yako ili fundo libaki nje ya pete samaki anapotolewa. Lowanisha fundo kwa mate kabla ya kulikaza, kwa kuwa florokaboni ikisuguliwa ikiwa kavu huungua na kudhoofika bila kuonyesha dalili. Angalia pia ukingo wa chini wa tundu: barafu yake ni kali, na fundo likijikwaa pale usivute kwa nguvu, bali rudisha mshipi kidogo, uelekeze samaki katikati, ndipo uvute tena.

Hatua ya sita. Teremsha chambo, uinue fimbo kidogo, na uhakikishe unauona mshipi unapoingia majini. Usipouona, rudi hatua ya nne.

MASWALI YA WANACHAMA

Kijana wa Duluth: Sijasoma yote maana ni ndefu. Nitajie tu rangi moja nzuri.

Jibu: Soma hatua ya tatu na ya nne. Siwezi kukutajia rangi ya maji nisiyoyajua.

Mama Neema, Brooklyn Park: Shikamoo mwalimu. Nilikuwa nikivua krapi na mshipi haukuvutwa hata mara moja, lakini chambo kilikuwa kinaliwa. Je, nilikosea rangi?

Jibu: Marahaba mama, na swali lako ni zuri sana. Krapi mara nyingi hukifuata chambo kutoka chini na kukimeza huku akipanda. Uzito wa ndoana unaondoka, na badala ya mshipi kuvutwa, unalegea. Kulegea huko ni kudogo mno, na kwa mshipi usio na rangi huwezi kukuona; kwa wa chungwa utauona ukijipinda kidogo juu ya maji, na hapo ndipo pa kuinua fimbo. Jambo jingine: baridi huufanya mshipi ukumbuke mviringo wa rili, yaani kigurudumu unachozungushiwa, ukabaki umejikunja. Kabla ya kuuteremsha, uvute kwa mikono miwili, kipande baada ya kipande, mpaka unyooke, la sivyo mikunjo itakuficha dalili hiyo.

Mkali wa Barafu: Kaka, boksi la mshipi wangu mwekundu limeandikwa kwamba hauonekani majini. Unajua kuliko kiwanda?

Jibu: Sikusema usiutumie. Nilisema mwekundu hugeuka mweusi katika maji maangavu, na kugeuka mweusi si kutoweka. Kwenye maji ya vinamasi hata huko kugeuka huchelewa, kwa sababu mwanga mwekundu bado upo. Uweke juu, uunge florokaboni chini, na hoja yako na yangu zitapatana.

Mvuvi wa Kilwa: Nyumbani tulivua kwa mshipi wa mkononi, na samaki akidonoa tulimjua kwa kidole, si kwa jicho. Je, siwezi kufanya hivyo hapa?

Jibu: Unaweza, ndugu yangu, na ujuzi huo ni hazina. Mshipi wa kusukwa hautanuki karibu kabisa, hivyo mdonoo mdogo hufika kidoleni. Kasoro yake ni kwamba hushika maji baina ya nyuzi na kuganda, kwa hiyo uutumie ndani ya kibanda chenye joto. Vilevile, wolai huvuliwa sana jua linapozama, na kidole kilichokufa ganzi hakihisi kitu. Hapo jicho huchukua zamu. Wolai mwenyewe giza halimsumbui, kwani nyuma ya jicho lake kuna tabaka linaloakisi mwanga, basi usilegeze uangalifu wa kipande cha mwisho kwa kudhani usiku haoni.

Kijana wa Duluth: Nimesoma sasa. Pete za fimbo zikiganda nifanye nini?

Jibu: Ahsante kwa kurudi. Zamisha ncha ya fimbo majini kwa muda mfupi. Maji ya ziwa yana joto kuliko hewa, na barafu itaachia. Usiibandue kwa kucha, kwa maana pete ya ncha huvunjika kwa urahisi kwenye baridi.

Mama Neema: Na usiku nje ya kibanda?

Jibu: Tafuta tochi ya mwanga wa urujuanimno. Mshipi wa manjano unaong'aa au wa chungwa wa aina hiyo hiyo huwaka chini yake, wakati theluji inabaki hafifu. Ielekeze kwenye mshipi kati ya ncha ya fimbo na tundu, na uifunge kwenye ndoo ili mikono yako ibaki huru.