Kabla hujatoa barua ya kuacha kazi: mambo ya kupima ukiwa Nyanda za Juu Kusini

Mtu akikaa kwenye kazi moja miaka kumi au kumi na tano, wazo la kuacha humjia kidogo kidogo. Anamwona karani mwenzake wa zamani akiendesha Fuso yake mwenyewe, imejaa viazi vya Isyonje. Anasikia mwalimu aliyesoma naye ana ekari kadhaa za parachichi Rungwe na hana habari tena na tarehe za mshahara. Huku kwetu, kuanzia Iringa mpaka Tunduma, wazo hilo linapata nguvu haraka kwa sababu ardhi iko karibu, barabara kuu ya Zambia inapita mlangoni, na kila mtu anamjua aliyetoka kwenye ajira akafanikiwa. Walioacha kazi wakakwama wapo pia, ila habari zao hazisimuliwi kwenye misiba na harusi.

Msimamo wangu nauweka mapema. Usitoe barua mpaka kazi unayoiendea uwe umeifanya msimu mmoja mzima, masika na kiangazi, hata kama ni kwa kiwango kidogo, huku mshahara bado unaingia. Naandika haya kwa kuwa nimeona nyumba zikiyumba kwa uamuzi uliofanywa mwisho wa mwezi mmoja mbaya, na nyingi ya nyumba hizo zingeweza kusalimika.

Kwanza, ni kitu gani hasa kimekuchosha?

Watu husema wamechoka na kazi, lakini ukikaa nao chini unakuta mmoja amechoka na bosi, mwingine amechoka kuishi mbali na familia, mwingine mshahara haujapanda miaka minne. Hayo ni magonjwa tofauti na dawa zake ni tofauti. Mwalimu aliyepangiwa Makete wakati mume na watoto wako Mbeya mjini huenda anahitaji uhamisho, si duka la vitenge. Fundi umeme wa kiwanda cha chai aliyegombana na msimamizi wake anaweza kupata kiwanda kingine na fani yake ikabaki ileile.

Jiulize hivi: kazi hii hii ukiifanya mahali pengine, chini ya mtu mwingine, kwa mshahara unaoridhisha, ungeipenda? Ukijibu ndiyo, tafuta mwajiri mwingine kabla ya kutafuta fani nyingine. Ukijibu hapana, na jibu likabaki lilelile hata ukiwa umepumzika likizoni, basi una jambo la kweli la kulifanyia kazi. Wapo pia ambao kazi yenyewe inawakimbia. Mashine za kuchuma chai zimeingia kwenye mashamba makubwa ya Mufindi, na mtu ambaye riziki yake yote iko mikononi mwake hapaswi kungoja aambiwe. Na kama kazi inakuharibu afya, sina hoja ya kukubakiza hapo. Panga kutoka, ila panga.

Hati ya mshahara isome mstari kwa mstari

Wengi huangalia tarakimu ya mwisho tu, ile inayoingia benki. Chukua hati ya mwezi uliopita, kalamu na daftari, kisha uisome kuanzia juu. Kila mstari una swali lake.

Mstari wa hifadhi ya jamii. Kwa sekta binafsi ni NSSF, ambako mchango wako na wa mwajiri kwa pamoja ni asilimia 20 ya mshahara. Kwa mtumishi wa umma ni PSSSF, ambako wewe unakatwa asilimia 5 na mwajiri anachangia 15. Kwa hiyo kuna fedha anayokuwekea mwajiri kila mwezi, wala hupati kuishika, na siku ukitoka inakoma. Halafu hesabu miezi. Pensheni ya uzee inadai michango isiyopungua miezi 180, yaani miaka 15. Mwenye miaka 13 ya michango amebakiza miezi 24. Si lazima abaki kazini kwa ajili hiyo, kwa sababu NSSF inapokea pia michango ya waliojiajiri, lakini ajue kabisa miezi hiyo italipwa na nani na kwa fedha ipi. Anayetoka serikalini aende PSSSF aulize michango yake itaunganishwaje na ya huko aendako. Aulize kabla.

Mstari wa bima ya afya. Kadi inayotegemea ajira haitafuatana nawe. Kwenye nyumba yenye mjamzito anayehudhuria hospitali ya Meta, Mbeya, au mzazi mwenye sukari anayekwenda Hospitali ya Rufaa kila mwezi, huu mstari mdogo ndio unaoweza kula mtaji wote ndani ya wiki mbili. Bei ya bima mbadala iingie kwenye hesabu zako mapema.

Mstari wa Bodi ya Mikopo, kwa waliosoma kwa mkopo wa elimu ya juu. Makato ya asilimia 15 yatakoma kwenye hati, deni halikomi. Utalipa mwenyewe.

Halafu mstari wa mkopo wa benki au wa SACCOS, yaani ushirika wa akiba na mikopo, ambao ndio ninaokuomba uusome polepole. Mkopo ule ulipewa kwa sababu ya mshahara, na mshahara ukiondoka benki bado inakudai. Nenda tawini uombe deni lililobaki kwa maandishi, pamoja na maelezo ya kinachotokea mwajiri akiacha kukata. Kwenye SACCOS kuna jambo lingine: wadhamini. Waliokusainia fomu ni watu unaokaa nao ofisi moja, na ukishindwa kulipa, wao ndio wanaoanza kukatwa. Mtu anatoka kwenda kutafuta maisha, nyuma yake mwenzake ada za watoto zinapungua bila kosa lolote. Deni lenye wadhamini limalizwe kwanza, au uwe na mpango wa kulilipa ambao wadhamini wenyewe wameuona na kuukubali.

Ukimaliza hapo, ujue na kile usichokipata ukiacha kwa hiari. Fao la kukosa ajira lipo kwenye mifuko ya hifadhi, lakini limewekwa kwa aliyeachishwa. Anayeacha mwenyewe hahusiki. Vivyo hivyo na kiinua mgongo kilichomo kwenye Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004: mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, mwisho miaka 10, pale mwajiri anapositisha ajira. Kwa hiyo kama kazini kwenu zinasikika habari za kupunguza wafanyakazi, usitoke kwa hasira mwezi mmoja kabla. Kwa mwenye miaka 10 au zaidi ni siku 70 za mshahara unazoziacha mezani, na hiyo kwa familia nyingi ni mbolea, mbegu na ada.

Msimu mmoja mzima

Sasa nifike kwenye lile nililolisema mwanzo. Fedha za Nyanda za Juu zinafuata mvua. Mvua zinaanza karibu na Novemba na kwisha Aprili au Mei. Mahindi yanavunwa kuanzia Juni, mpunga wa Kyela na Usangu nao unakuwa umeingia sokoni, na hapo soko la Mwanjelwa, Mbeya, linachangamka, mafundi ujenzi wanapata kazi, bajaji hazikauki abiria. Inapofika Desemba mpaka Machi, mifuko ya watu iko shambani. Januari kuna ada na sare, bado kuna mbolea ya kukuzia. Mteja yuleyule aliyenunua bila kuuliza bei mwezi wa nane, sasa anakopa.

Anayeanza biashara mwezi wa saba na kuacha kazi mwezi wa tisa kwa sababu mauzo ni mazuri, ameona miezi ya mavuno tu. Mwenye fremu naye hangojei. Anataka kodi ya miezi sita au ya mwaka mzima mbele. Ndiyo maana nasisitiza upite Januari na Februari ukiwa bado kwenye ajira. Fungua daftari, andika kila siku kilichoingia na kilichotoka, na wewe mwenyewe ujilipe mshahara humo hata kama ni kidogo. Biashara isiyoweza kukulipa Februari haijawa tayari kukubeba.

Kilimo kina hesabu yake, na hapa ndipo watu wengi wa ofisini wanapoumia. Parachichi aina ya Hass, kwa miche iliyobebeshwa vizuri, huanza kuzaa karibu na mwaka wa tatu, na hata hapo mavuno ya mwanzo ni madogo. Mipaina kama ile ya Mafinga inataka zaidi ya miaka 10 kabla ya mbao za maana. Hivyo ni vitu vya kupanda ukiwa na mshahara, ukivilea taratibu. Kuacha kazi leo ili uishi kwa parachichi zinazopandwa leo ni kujinyima chakula cha miaka mitatu. Viazi mviringo vinarudisha fedha mapema, miezi mitatu hadi minne, lakini wakulima wakivuna kwa pamoja bei inaporomoka. Usipige hesabu kwa bei ya gunia unayoisikia Dar es Salaam. Piga kwa bei ya shambani, gunia likiwa na lumbesa, ule ujazo wa ziada juu ya mdomo wake, dalali akiwa amechukua chake, na barabara ya vumbi ikiwa imegeuka tope na gari la mzigo limekataa kushuka. Mbolea ya ruzuku nayo inatolewa kwa mkulima aliyesajiliwa, kwa hiyo jisajili kijijini kwako kabla msimu haujafika.

Muda wa kujaribu utaupata wapi? Likizo ya mwaka ya siku 28 ni shule nzuri. Badala ya kulala nyumbani, nenda ukafanye kazi mpya kila siku tangu asubuhi, ikiwezekana chini ya mtu anayeijua. Siku ya ishirini utajua kama unaipenda au ulikuwa unapenda kuitazama kwa mbali. Soma kwanza mkataba wako, maana baadhi ya waajiri hawaruhusu kazi nyingine bila kibali.

Kama fani mpya inadai cheti

Hapa sina mengi. Mwenye ujuzi wa mikono aliojifunza mtaani aulize VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi, kuhusu urasimishaji wa ujuzi, kwa sababu anaweza kupimwa na kupewa cheti bila kuanza moja. Anayetaka shahada bila kuacha kazi aangalie Chuo Kikuu Huria. Ongea na watu walio ndani ya fani hiyo kwa miaka mitatu hivi: bado wanakumbuka ugumu wa kuanza na tayari wanajua kipato halisi. Jambo moja kwa watumishi wa umma: matangazo ya ajira serikalini kwa kawaida yanataka mwombaji asizidi miaka 45, isipokuwa aliye tayari ndani ya utumishi. Mwenye miaka 44 anayetoka akijiambia atarudi mambo yakiwa magumu, ajue mlango huo unafungwa.

Mshahara wako una watu wengi

Mwenza wako asikie wazo lako likiwa bado wazo. Mkae naye na lile daftari, muone pamoja ni kitu gani kitapungua na kwa muda gani: shule ya kulipia, nyama ya Jumapili, kiwanja mnachokilipia kidogo kidogo. Wekeni akiba ya matumizi ya nyumbani ya miezi sita, mbali kabisa na mtaji, ikiwezekana kwenye akaunti inayohitaji saini mbili. Mtaji unaoliwa na nyumba ndio kifo cha kawaida cha biashara zetu.

Wazazi nao wana haki yao. Mama aliyeuza maharage ili usome atakuuliza, "Mwanangu, kazi uliipata kwa shida, leo unaiacha uende wapi?" Usilikwepe swali hilo, wala usimjibu kwa ukali. Mweleze kwa lugha anayoielewa, mwonyeshe umeanza na umepata nini. Na kama ulikuwa unamtumia mdogo wako ada kila muhula, mwambie mapema lini utapunguza na lini utarudisha. Anayekutegemea akipewa mwaka mzima wa kujipanga, naye atapata njia.

Barua yenyewe

Ukishapita hayo yote na bado unataka kutoka, toka kwa utaratibu. Kwa anayelipwa kwa mwezi, sheria ya 2004 inataka notisi isiyopungua siku 28, ila mkataba wako unaweza kudai zaidi. Kabla ya kuipeleka, ingia NSSF uchukue taarifa ya michango yako uilinganishe na hati za mshahara. Mwezi ambao mwajiri hakupeleka ni rahisi kuudai ukiwa bado ndani. Piga hesabu ya siku za likizo ambazo hujatumia, zidai kwa maandishi. Omba cheti cha utumishi, kwa sababu ni haki yako na utakihitaji hata kwa tenda ndogo. Kabidhi vifaa kwa orodha iliyosainiwa na pande zote mbili. Barua iwe fupi, isiyo na lawama, nakala moja igongwe muhuri wa kupokelewa na ibaki kwako.