Kulala Tanga na watoto, safari ya Mombasa hadi Dar

Mkivuka mpaka Horohoro, msiipite Tanga kwa sababu tu ni mji wa bandari na saruji. Laleni usiku mmoja. Mimi hutafuta chumba upande wa Raskazone: kuna upepo, na watoto wanaziona meli.

Mapango ya Amboni yako kabla ya mji, kama kilomita 8, kwa hiyo ingieni mkiwa njiani. Lipeni kiingilio, chukueni mwongozaji, na kila mtoto ashike tochi yake. Viatu viwe vya kufunga, sakafu inateleza. Mkifika penye popo, zimeni tochi kidogo, waacheni watoto wasikilize tu. Kisha waonyesheni kuta: hilo ni jiwe la chokaa, na chokaa ndiyo inayosagwa kwenye kiwanda cha saruji cha Pongwe. Wangu waliuliza maswali hadi chakula cha jioni.

Asubuhi nendeni Tongoni, barabara ya Pangani, mkaone msikiti uliobomoka na makaburi ya nguzo. Nendeni mapema, jua la Tanga halina huruma kwa wadogo. Maji bebeni ya kutosha.